Kamusi Aliyoionja Bi Mwanamvua

Haya niliambiwa na Bi Chiku, yule anayesugua masufuria ya shughuli, siku ya Jumatano iliyofuata Maulidi, tukiwa uani kwake tunachambua mchele. Yeye aliyaona tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa penye sufuria hakosi. Nchi yenyewe hakunitajia jina. Alisema iko mbali sana, watu wake hawafanani na sisi hata kidogo, na viongozi wao ndio kabisa. Nikaitikia, tukaendelea kutoa mawe.

Mtukufu Kiongozi wa nchi hiyo alialikwa karamu ng'ambo. Mwenyeji akasema jambo kwa Kiingereza, meza nzima ikacheka. Mtukufu naye akacheka, lakini alianza wenzake walipokwisha kumaliza na kurudi kwenye supu zao. Kicheko chake kikabaki peke yake ukumbini kama mbuzi aliyesahauliwa malishoni.

Alirudi nyumbani kabla ya siku zake. Kesho yake likatoka tangazo kwamba taifa lina upungufu wa Kiingereza, kwamba kosa ni la mwananchi wa kawaida na uvivu wake, na kwamba katika siku tisini kila raia mwenye meno awe anakizungumza. Wasio na meno waliongezewa siku kumi.

Walimu wa Kiingereza hawakutosha, kwa sababu mwaka uliotangulia walikuwa wamepelekwa wote kuhesabu miti. Basi ikaamuliwa itafutwe kamusi ya mashine, ile programu inayokaa ndani ya simu, unaisemesha kwa lugha yako nayo inakuambia Kiingereza chake. Zikajitokeza kamusi tatu. Ya kwanza iliitwa Upeo Milele, na ilikuwa mali ya shemeji yake Mtukufu, jambo ambalo lilitajwa kwa bahati tu. Ya pili iliitwa Lulu ya Maarifa. Ya tatu iliitwa Kibatari, aliitengeneza binti mmoja wa chuo aitwaye Sikudhani, naye aliileta kwenye kompyuta iliyofungwa kwa kamba ya katani kwa sababu bawaba zake zimekatika.

Ikaundwa Tume ya Taifa ya Uteuzi wa Kamusi, wajumbe kumi na mmoja. Kila mjumbe alijua kwamba wale kumi wengine wamekwisha kuonwa pembeni na shemeji, na kila mmoja alikuwa sahihi. Kwa hiyo hawakuaminiana. Walikaa siku kumi na tisa, wakakubaliana juu ya chai tu. Siku ya ishirini akasimama Katibu wa Tume, kijana mtanashati aitwaye Mbaruku, akasema itifaki imezingatiwa, naye anamjua mtu mmoja ambaye nchi nzima humwamini akisema kitu kimeiva.

Hapo lazima nieleze desturi ya kule. Katika nchi hiyo chakula cha shughuli, iwe harusi iwe hitima, hakipakuliwi mpaka kionjwe na mwonjaji. Si mpishi, wala si mwenye shughuli. Ni mtu wa kando, asiye na ndugu kwenye sufuria. Anakuja, ananawa, anachota chini kabisa, maana juu kila sufuria ni tamu, anaweka ulimini, watu wote kimya. Akisema "Pakueni, kimeiva," masinia yanatoka. Akinyamaza na kunawa mikono, chakula hicho hakiliwi, hata kama bwana harusi ni mtoto wa jaji. Na mwonjaji mkuu wa mji ule alikuwa Bi Mwanamvua, mjane, mwembamba, mwenye subira ya kusubiri maji yachemke bila kufunua kifuniko. Miaka arobaini alionja. Hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na neno lake hilo tu.

Tume ilipoafiki, Bunge likapitisha kwa mchana mmoja Sheria ya Uonjaji wa Vitu Visivyolika, na Mbaruku akatumwa kumwita.

Hakuhitaji kuuliza njia. Bi Mwanamvua alikuwa mama yake mkubwa, dada wa mama yake, naye ndiye aliyemlea. Mama yake alipokufa mtoto alikuwa na miaka minne, akakataa kula siku mbili. Wakambembeleza, wakamtisha, wapi. Siku ya tatu Mwanamvua akaketi mbele yake, akaonja yeye kwanza, akatabasamu, ndipo mtoto akafungua kinywa. Tangu hapo ikawa hivyo. Mbaruku akaota ndevu, akavaa suti, akapata gari la serikali, lakini kwa mama yake mkubwa hakugusa sahani mpaka aione imeonjwa mbele ya macho yake.

Akamwambia, "Mama mkubwa, taifa linakuhitaji."

"Linapika nini?"

Akamweleza. Bi Mwanamvua akasema yeye Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, ataionjaje kamusi? Mbaruku akamwambia hata mapishi ya Kihindi hajui, na mwaka juzi aliwaonjea Wahindi biriani yao wakamshukuru. Hilo kweli. Na lilikuwapo jingine ambalo hakulisema lakini Mbaruku alilijua. Bi Mwanamvua alikuwa na mjukuu wa miaka minane, Yumna, aliyezaliwa huko ng'ambo anakofanya kazi mama yake, Zena. Yumna alijua Kiingereza tu. Kila Ijumaa Zena alipiga simu ile ya kuonana nyuso, bibi na mjukuu wakatazamana, wakatabasamu, wakaishiwa. Bi Mwanamvua akasema atakuja.

Siku ya kuonja, Tume ilijipanga kwa umakini mkubwa. Mtaalamu mmoja alikuwa ameandika waraka kwamba uonjaji hauwezi kufanyika bila jiko, kwa mujibu wa kifungu cha nne. Kwa hiyo yaliletwa mafiga, seti tatu, kila kompyuta ikawekwa juu ya mafiga yake na kufunikwa kawa jipya. Mwenyekiti alitaka uwashwe moto mdogo wa heshima, wakamsihi aache. Wajumbe wote wakanawa. Bi Chiku aliajiriwa kusugua kompyuta baada ya shughuli, akapewa na majivu, ndiyo maana alikuwamo. Mpiga picha akasimama kando na kinasa sauti chake.

Bi Mwanamvua alipewa mwiko. Aliushika tu, asiwaudhi.

Kawa la kwanza likafunuliwa. Akaiuliza Upeo Milele neno moja, ukoko. Alilichota chini kwa makusudi. Alijua wengine wataanza na meza na kiti, na kila kamusi inajua meza na kiti. Upeo Milele haikusita hata kufumba jicho. Ikatoa neno refu, zuri, lenye kulialia puani. Wajumbe wakapiga makofi. Akaiuliza tena neno lile lile. Ikatoa neno jingine, refu zaidi. Wakapiga makofi tena. Akauliza mara ya tatu, likaja la tatu, halifanani na mawili ya kwanza. Bi Mwanamvua akageuka kwa Bi Chiku akamwambia taratibu kwamba huyu ni mpishi anayejibu habari ya chumvi bila kufunua sufuria.

Lulu ya Maarifa haikujibu kabisa. Ilimwomba kwanza akubali masharti ya matumizi, ikaanza kumsomea, kifungu baada ya kifungu. Ilipofika kifungu cha sitini na mbili Mwenyekiti alikuwa anakoroma, ikafunikwa.

Kibatari ikafunguliwa kamba. Akaiuliza ukoko. Kikapita kimya kidogo, kisha ikasema, "Sijui neno hili, bibi. Nifundishe."

Ukumbi ukaguna. Mjumbe mmoja akauliza kama imekuwa desturi siku hizi mashine kukiri kutojua mbele ya Serikali. Lakini Bi Mwanamvua alikwisha kuivutia kigoda. Akaieleza kwamba ukoko ni kile kinachoganda chini ya sufuria, kigumu, kitamu, watoto hukigombania, na mtu humwekea yule ampendaye zaidi. Kibatari ikasema asante, kwa Kiingereza hakina jina moja, lakini tukimwambia mtu hivi ataelewa, ikayatamka maneno. Sikudhani mwenye kamusi alisimama nyuma anatafuna ncha ya mtandio wake.

Bi Mwanamvua akaweka mwiko chini. Akasema lile neno lake, kwa sauti ile ile ya miaka arobaini. "Pakueni, kimeiva."

Kinasa sauti kikanasa. Mbaruku akamletea karatasi, akasema ni ya mahudhurio. Akaweka dole gumba bila kuuliza. Umwombe akusomee mtoto uliyemlea ukimwonjea uji? Hata haya ungeona.

Wiki mbili baadaye Bi Mwanamvua alikuwa uani anaanua kanga, akajisikia mwenyewe akisema dirishani kwa jirani. "Pakueni, kimeiva." Akadhani anaota. Ikasema tena nyumba ya pili, ikasema kwa fundi cherehani, ikasema kwenye simu ya mwalimu wa madrasa aliyekuwa anapita. Kila aliyefungua kamusi ya taifa, kwanza ilimkaribisha kwa sauti yake. Na juu ya boksi la simu zilizouzwa na kamusi hiyo ilichapwa picha yake na mwiko, na maandishi ambayo aliyafuatisha kwa kidole mpaka akayamaliza. Upeo Milele. Imeonjwa.

Hakupiga kelele. Alijitanda akaenda ofisini kwa Mbaruku, akasubiri kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, kwa sababu mlangoni paliandikwa kwamba Katibu yuko kwenye kikao cha uwazi. Alipotoka akamuuliza jambo moja, neno lake limefikaje kwenye sufuria ambayo hakuionja ikaiva.

Mbaruku akainama akamshika miguu. "Mama mkubwa, hivi mimi nikudhalilishe wewe? Humo ndani ni Kibatari. Tumeibadilisha jina tu, maana kibatari ni taa ya maskini, Mtukufu ataonekanaje. Naapa kwa mama yangu aliye kaburini."

Hapo Bi Mwanamvua akatulia. Ukiapiwa kwa kaburi la mdogo wako, ulilolichimbisha mwenyewe, unabaki na swali gani? Mbaruku akampa na simu mpya yenye kamusi yake, zawadi, akamwombea gari la ofisi limrudishe. Njiani alijisikia mwenyewe akimkaribisha dereva ndani ya simu yake.

Kibatari yenyewe ilikuwa imefungiwa kabatini wizarani na kutiwa lakiri, kwa kosa la kukiri kutojua kwa niaba ya umma. Sikudhani alipewa barua ya pongezi na kazi ya kuhesabu miti mkoa wa mpakani. Haya Bi Mwanamvua hakuyajua.

Siku tisini zikatimia. Katika kila dirisha la serikali ilikuwa marufuku kusema isipokuwa Kiingereza cha Upeo Milele. Na kwa kuwa Upeo Milele ilimjibu kila mtu kivyake, na kila siku kivyake, kila raia alikuwa na Kiingereza chake. Mtu alieleza kwa cha Jumatatu kwamba bomba limekatika, karani akamjibu kwa cha Alhamisi, akagonga mhuri, yule akaondoka na kibali cha kufuga nyuki. Hapana aliyelalamika. Kulalamika kulitakiwa kufanywe kwa Kiingereza.

Mtukufu mwenyewe akasafiri tena karamuni ng'ambo, akasimama, akahutubia robo saa kwa maneno ya Upeo Milele. Meza zote zikaangua kicheko, watu wakashika mbavu. Na safari hii Mtukufu alicheka nao papo hapo, hakuchelewa hata kidogo. Akarudi amefurahi sana. Shemeji akapewa nishani.

Ijumaa hiyo Zena akapiga simu. Bi Mwanamvua alikuwa amejiandaa tangu Jumatatu. Alikuwa ameisemesha kamusi, akaiambia anataka kumwambia mjukuu wake nimekuwekea ukoko, njoo. Ikampa maneno, naye akayakariri akipepeta, akayakariri akiteka maji, hakutaka kuiuliza mara ya pili asije akaonekana anamshuku mtoto aliyeapa. Alivaa kanga ya Idi. Uso wa Yumna ulipotokea, akameza mate, akayatoa yote bila kukosa hata moja, kwa mapozi na mkono kifuani.

Mtoto akamtazama. Midomo ikaanza kumcheza. Akatupa simu kitandani, ikabaki inaonyesha dari na feni, na kilio kikasikika kinakwenda chumba kingine.

Zena akaiokota simu. "Mama, ulikuwa unasema lugha gani?"

"Kiingereza."

"Si Kiingereza hicho, Mama. Mtoto anasema bibi anamwiga, anamcheka anavyoongea. Huko shule wanamcheka matamshi yake, na wewe tena?"

Bi Mwanamvua akasema hapana, akasema tena hapana, akataka kueleza habari ya ukoko, lakini kwa Yumna hakuwa na neno la kueleza, na kwa Zena hakuwa na pumzi. Simu ikakatika. Alipoibonyeza aone kama itarudi, ikafunguka kamusi. Pakueni, kimeiva, ikamwambia, kwa sauti yake mwenyewe.

Akaiweka mapajani. Bi Chiku aliyekuwa anapita kuazima ungo alimkuta hivyo, akamuuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba haumwi. Akasema, "Kaniapia kwa Mishi, mdogo wangu," kisha akampa ungo.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na harusi kwa fundi cherehani, yule ambaye kamusi ilimwandikia barua ya kuagiza vitambaa akaletewa mbolea. Bi Mwanamvua akanawa, akajitanda, akaenda kama siku zote, saa ya kuonja. Alipofika uani aliwakuta watu wanakula. Masinia yalikuwa nusu. Hapana aliyeinuka kumsema vibaya, wala aliyemkodolea macho. Walimsalimu shikamoo, wakamsogezea nafasi kwenye jamvi, wakampa sahani kama mgeni mwingine yeyote. Fundi akaja na birika kumnawisha, akasema waliona wasimsumbue. Mtoto mmoja akaigiza ile sauti ya kwenye simu, "Pakueni, kimeiva," na wenzake wakacheka mpaka wali ukawatoka puani, mama yao akawafinya chini kwa chini.

Alikula matonge matatu, akashukuru, akaenda zake. Kesho yake aliirudisha simu ile ofisini, akaiacha kwa bawabu imefungwa kwenye kitambaa.

Ukapita mwezi. Mchana mmoja, adhuhuri imekwisha, gari la serikali likasimama mlangoni. Mbaruku sasa alikuwa Katibu Mkuu, na kitambi kinaanza. Bi Chiku alikuwamo, anamsaidia kukuna nazi, akataka kuondoka, Bi Mwanamvua akamwambia kaa, hii nyumba haina siri tena. Mbaruku akaketi mkekani pale pale alipokuwa akiketi utotoni. Akasema habari nyingi za afya na mvua kabla hajafika alikokuwa anakwenda.

Safari hii si kamusi, alisema. Ni masanduku. Mtukufu anaitisha uchaguzi, wako wagombea watatu, na wananchi wana tabia ya kushuku masanduku. Tume mpya imeona kwamba mama mkubwa ayaonje kabla, mbele ya mpiga picha, aseme neno lake. Ile sauti ya zamani watu wameichoka, wakiisikia wanazima. Inatakiwa mpya.

"Bado matupu hayo masanduku?" Bi Mwanamvua akauliza.

Mbaruku akakohoa. Akasema kuna maandalizi ya awali.

Bi Chiku akasema yeye basi mwaka huu ataletewa masanduku ayasugue, afadhali wampe na sabuni, majivu hayatatosha.  Bi Mwanamvua hakusema ndiyo wala hapana. Alikwenda jikoni, akapakua wali wa nazi na mchuzi wa kunde, chakula ambacho Mbaruku alikipenda tangu hajajua kukitaja jina. Akauweka ukoko kando kwenye sufuria. Akarudi, akaitua sahani mbele yake, akamnawisha, akaweka kijiko.

Mbaruku akasubiri.

Bi Mwanamvua akaketi mkeka wa pili, akanyoosha miguu, akaanza kujipangusa uso kwa upande wa kanga. Mvuke ukapanda. Mbaruku akaitazama sahani, akamtazama yeye, akaitazama sahani.

"Mama mkubwa, hujaonja."

"Kula, baba. Kimeiva." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Naapa kwa mama yako."

Kijiko kilikuwa kimekwisha kuinuka. Kikashuka.

Bi Chiku anasema chakula kile hakikuwa na lolote. Ukoko wake aliondoka nao yeye kwenye bakuli, akaula njiani kwa kidole, na chumvi ilikuwa sawasawa. Lakini alipokuwa anatoka alimwona Bi Mwanamvua amejilaza ubavu, kanga hadi begani, na kabla hajafika kizingitini akasikia pumzi zake zimekwisha kuwa ndefu, pumzi za mtu aliyelala kweli. Dereva ndiye aliyemsimulia yaliyobaki, kwa vile alichungulia mara mbili kuuliza kama waondoke. Mara ya kwanza alimkuta Katibu Mkuu anaikodolea sahani iliyopoa, anainua kijiko, anakinusa, anakirudisha. Tumbo lake lilikuwa linasikika hadi mlangoni. Hakuthubutu kumwamsha bibi, na kuondoka bila jibu hakuweza. Mara ya pili ilikuwa alasiri. Mchuzi ulikuwa umeota ngozi, nzi wametangulia kula, na Mbaruku ameegemea ukuta, kijiko mkononi, mdomo wazi kidogo kama mtoto anayengoja kulishwa, amelala na njaa yake.